Siku Atakaposhika Kijiko

Watu wa Mbugani, hapa Kyela, walisema namringia. Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, binti yake ameshaolewa, amepata fundi seremala aliyefiwa na mke, mwenye nyumba yake na karakana yake, halafu anamzungusha kama msichana wa kidato cha pili. Shoga yangu anayeuza dagaa wa usipa sokoni alinitolea uvivu mbele ya wateja. "Unangoja nini mwenzangu? Unadhani ukikaa nako kanaongezeka?" Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Sikumjibu, maana jibu lenyewe lingemfanya aseme nimerogwa. Nilikuwa nangoja baba wa yule fundi aweze kushika kijiko.

Mimi nauza uji wa mchele na vitumbua kando ya barabara. Fundi alianza kuja asubuhi na chupa ya chai, ananiambia nimjazie uji wa mgonjwa. Baba yake alikuwa mkulima wa Makwale, mpunga na kakao, mzee mwenye kiburi chake. Kiharusi kilimkuta shambani, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala. Mwanawe akamleta mjini awe karibu na hospitali, akampa chumba kinachopakana na karakana. Dada wa kazi wa kwanza alikimbia ule ulimi wa mzee, wa pili alikimbizwa. Mkono wa kushoto alikuwa nao mzima, lakini hakukubali kula nao. Mkono wa chooni haupiti mdomoni kwangu, alisema, afadhali nife. Mtu wa namna hiyo anahitaji kulishwa.

Siku moja fundi hakuja na chupa. Nikapeleka uji mwenyewe, nikamkuta anahangaika na kazi ya watu, na mzee ndani ananuna. Nikaingia nikamlisha. Mzee alimeza kijiko cha kwanza akaniuliza kama sukari imekwisha nchi nzima. Nikamwambia sukari ipo ila ya kwake ameshaila yote ujanani. Akanitazama, kisha akafungua mdomo tena. Tangu siku hiyo ilikuwa kazi yangu asubuhi na mchana, na hakuna aliyenituma. Nilimwita tata, yaani baba, kama tunavyowaita wazee kwetu. Yeye aliniita binti.

Mapenzi na mwanawe yalikuja taratibu, kwa mlango wa nyuma. Alinitengenezea meza ya vitumbua, akarekebisha mlango wangu uliokuwa unakwama masika. Kisha akaanza kukaa hata baada ya uji kwisha. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi, sina sababu ya kulizunguka. Nilipenda alivyokuwa anapuliza vumbi la mbao kwenye vidole vyake kabla ya kunisalimia.

Lakini nilikuwa na yangu. Nilipoolewa mara ya kwanza nilikuwa mdogo, nikaingia kitandani kwa mtu kabla sijajua akikasirika anakuwaje. Nilikuja kujua, na nikajua kwa mwili wangu mwenyewe, mpaka alipoondoka kwenda Tunduma na kutuachia amani. Safari hii nikajiapiza: huyu nitamwona kwanza akiwa na hasira, akiwa hana kitu, na akiwa mgonjwa. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema basi nimwombee malaria. Malaria ikaja kweli, Kyela haikawii, na alikuwa mgonjwa mpole. Kazi zilikatika, akala mihogo mitupu wala hakumlaumu mtu. Na mteja mmoja alipomdhulumu kabati, alikasirika akatoka nje, akapasua kuni mpaka jasho likamwisha, akarudi ndani akiwa mtu yule yule. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Tukaenda kupima, wote wawili, kwa baiskeli yake, mimi nimekaa nyuma kama bibi harusi wa zamani. Majibu yalikuwa mazuri. Hakikubaki kitu katikati yetu isipokuwa neno langu tu, na wote tulijua.

Lakini kilikuwepo kitu kimoja ambacho mgeni hawezi kukiona. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Si kwamba hampendi, ni heshima. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami, hazungumzi naye. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Chakula anapika, anakiweka nyuma ya mlango, wengine wanakipeleka. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, wengine wameacha kabisa, wanakaa na wakwe zao wanatazama mpira. Tata hakulegeza. Mke wa kwanza wa fundi aliishi kwenye uwanja wake kule Makwale miaka yote ya ndoa, na mzee hakuwahi kuiona sura yake.

Nilijua mila. Nisichokijua ni mahali inapoanzia. Nikamuuliza mzee mwenyewe, namlisha huku najifanya naongea tu.

"Tata, mkamwana anaanza kuwa mkamwana lini? Siku ya posa, au mahari, au kanisani?"

"Siku anapolala na mwanangu," alisema. "Ng'ombe wanafuata nyuma. Kanisa linafuata nyuma ya ng'ombe."

"Na kama hakuna aliyekuambia?"

"Nitajua. Mimi siwezi kumtazama usoni mwanamke aliyemwona mwanangu uchi. Naye akinitazama, huyo hana adabu." Akafuta mdomo begani. "Unauliza ya nini?"

"Nauliza tu, tata."

"Uji wa leo mwepesi," akasema.

Nilirudi nyumbani nimechoka. Ningeweza kudanganya, najua. Nani angeniona? Lakini mimi ni mbishi, si mwongo wa aina ile. Ningeamkaje kitandani kwa mwanawe, niende nikampanguse mzee udenda, nimwite tata na kumtazama machoni, na yeye hajui kwamba nimeshakuwa mtu anayepaswa kujificha? Ningekuwa namvua nguo kila asubuhi bila yeye kujua. Na nikijificha kama mila inavyotaka, nani angemlisha?

Masika ile mvua ilitukuta karakanani, alasiri. Kyela ikinyesha inanyesha, bati linapiga kelele hata mawazo huyasikii. Nilikuwa nimelowa. Alivua shati lake akanifuta uso, akanifuta shingo, na mkono ukabaki pale. Nilitaka. Mwili wangu wote ulikuwa umeshajibu, nilikuwa nimeshashika mkanda wake. Halafu mvua ikapungua ghafla, na nyuma ya ule ukuta wa mbao sauti ya mzee ikaja, safi kabisa, utadhani tumekaa naye.

"Binti, umelowa?"

Nikaachia mkanda. "Kidogo, tata," nikajibu.

Fundi alikaa juu ya benchi lake la kazi, kichwa chini. Hakukasirika. Nilimweleza yote kwa kunong'ona, mila, mkono wa baba yake, macho yangu. Akasema hayo mambo ya zamani. Nikamwambia baba yako ni wa zamani, na sisi ndio tunaomlisha. Akasema atatafuta mtu mwingine. Nikamkumbusha wale wawili. Ndipo nikampa neno langu: siku baba yako atakaposhika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kulia, nitakuja kwako mchana kweupe, na begi langu, na kuanzia hapo nitapita migombani kama mila inavyotaka. Muuguzi wa hospitali alikuwa ameshasema mkono ule unaweza kurudi ukifanyiwa mazoezi. Fundi akatabasamu, akanishika mkono kama watu waliouziana shamba.

Basi nikaushughulikia ule mkono. Sidhani kama kuna mwanamke aliyewahi kuhangaikia mkono wa mzee namna ile. Mwanamke mmoja wa Ikombe, kando ya ziwa, aliyekuwa analeta vyungu kwa mtumbwi alinipa donge la udongo wao wa kufinyangia, akanifundisha kulifunga kwa kitambaa chenye maji lisikauke. Mzee analifinya, mimi nalilainisha, analifinya tena. Mwanzo vidole vilikuwa vinaacha alama ndogo, kama kuku kapita. Kisha gumba likaanza kuzama. Kila alama nilikuwa naipenda. Ndani ya udongo ule nilikuwa naiona siku yangu ikija.

Tulizungumza sana kipindi kile. Alinisimulia Makwale, ng'ombe zake, marehemu mkewe aliyekuwa anamcheka akicheza ngoma. Siku moja, bila kuulizwa, akanisimulia yule mkamwana wake aliyekufa.

"Nilikuwa nasikia ndala zake," alisema. "Asubuhi zinakwenda kisimani, jioni zinarudi. Akiwa na furaha zinakwenda haraka. Alipougua zikawa zinaburuta. Nikajua anakufa kabla mwanangu hajaniambia. Wakamzika mimi nimekaa upande mwingine wa nyumba. Mpaka leo sijui alikuwa na sura gani."

Nilimwambia alikuwa mzuri, nimeona picha yake.

"Haya," akasema. "Lete udongo."

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilimpa kijiko kwenye mkono wa kulia kama mchezo, na mkono ukakibeba. Ukatetemeka, uji ukamwagika kwenye shuka, lakini kilifika karibu na kidevu. Nikapiga kigelegele peke yangu. Nikatoka mbio, nikaingia karakanani na kanga inaburuta, nikamwambia fundi kwa sauti yangu yote, "Bado kidogo! Jiandae, mwezi huu nakuja na begi langu." Akaniinua juu, na randa mkononi. Tulicheka kama wendawazimu. Ukuta ulikuwa pale pale, wa mbao.

Kesho yake mkono haukubeba kitu. Nilisema amechoka. Wiki ikapita, haukubeba. Donge la udongo nikilifungua nalikuta laini kama nilivyolifunga, hata alama ya kuku haipo. Muuguzi akasema inatokea, mgonjwa anapanda anashuka, tusikate tamaa. Nikamkanda kwa maji ya moto, nikamkanda kwa mafuta, nikamwombea kanisani hadharani mpaka wanakwaya wenzangu wakanishangaa, mzee si ndugu yako. Mkono ukalala. Masika ikaisha, mpunga ukavunwa, kakao ikaanikwa ikauzwa, masika nyingine ikaingia.

Fundi alivumilia. Sitaki mtu amseme vibaya mbele yangu. Lakini kila nilipotoka chumbani kwa baba yake alikuwa ananitazama mikono, anatafuta habari, na mimi natikisa kichwa. Baadaye akaacha kutazama. Akapata kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa Ikombe. Kule mbao na watu vinafika kwa maji, si kazi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Alikuwa anakaa huko, anarudi siku moja moja, ananiletea chungu kidogo, samaki mkavu. Safari moja alirudi bila chochote, na hakuvua kofia.

Alinikuta naosha masufuria ya uji. Alikaa kwenye ile meza aliyonitengenezea.

"Kungekuwa na siku ningengoja," alisema. "Hata miaka. Ungeniambia mwaka fulani ningengoja. Ila siku yetu imo mkononi mwa mgonjwa."

"Kuna mtu?" nikauliza.

"Yupo."

"Umeshalala naye?"

Akaishusha kofia machoni. Niliendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata. Nilitaka kumpiga nalo. Nilitaka pia kumwambia basi, twende sasa hivi, funga mlango, mzee na ajilishe. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, nikayameza. Subira yavuta heri, nilifundishwa hivyo tangu utotoni, na ile yangu ilivuta mtumbwi mpaka Ikombe ukamleta mwanamke mwingine.

Walioana. Sikwenda, na sikupeleka uji. Nilijifungia nikalia kama mtoto, shoga yangu wa usipa akaja akanikalia miguuni bila kusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza. Nilidhani nimemaliza na nyumba ile.

Siku chache baadaye fundi alikuja mwenyewe barabarani, akasimama nyuma ya wateja wangu na chupa ya chai kama zamani. Alingoja wote waondoke. "Baba hali," akasema. "Mimi nikimlisha anafunga mdomo. Mke wangu hawezi kuingia, unajua. Anakutaka wewe." Hakuweza kunitazama. Nilimwacha asimame muda mrefu. Nilitaka aumie, na aliumia, wala haikunisaidia. Kisha nikaipokea chupa.

Ndivyo nilivyorudi. Mke wake ni mwanamke mwenye adabu, sina la kumlaumu. Anapika, anaweka nyuma ya mlango, anazunguka nyumba kwa upande wa migomba. Sisi wawili tunasalimiana nje, ugonile, ugonile, tunaulizana hali, yeye anaona haya na mimi naona haya. Kisha mimi naingia ndani kwa mkwe wake, kwa mzee ambaye yeye haruhusiwi kumwona. Yeye ana mwana, mimi nina baba. Nililiwaza hilo kila asubuhi nikishika komeo la mlango.

Siku moja mvua ilinikatia biashara, nikafunga mapema, nikaenda na uji kabla ya saa yangu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikausukuma.

Tata alikuwa amekaa kitandani, sahani ya wali ambayo fundi huniachia kando ya kitanda ikiwa mapajani. Alikuwa anakula. Kijiko kilikuwa mkono wa kulia. Hakikutetemeka. Kilishuka kikachota, kikapanda, kikaingia mdomoni, na hakuna punje iliyodondoka. Pembeni ya mto lilikuwepo lile donge la udongo, limefunguliwa, na vidole vinne na gumba vimezama ndani yake mpaka mwisho.

Akaniona. Kijiko kikabaki hewani.

"Tangu lini?" nikauliza.

Akameza wali uliokuwa mdomoni.

"Tangu lini, tata?"

"Tangu siku ile uliyokimbia kwenda kumwambia," alisema. "Nilikusikia. Nakuja na begi langu, ulisema."

Nilimsikia lakini sikuweza kukaa wala kuondoka. Mvua zote zile, kile kichwa nilichokuwa natikisa pale mlangoni, mwanaume wangu anayelala chumba cha pili na mke mwingine. Nilimchukia yule mzee kuliko nilivyomchukia yule wa Tunduma. Nilimwambia. Nilisema, umenila maisha yangu, tata, umekaa hapo unafungua mdomo na kunila. Nilisema na mengine ambayo mtu hamwambii mzee. Hakujitetea. Aliusikiliza uso wangu, sijui niseme vipi, alikuwa ananitazama kama mtu anayekariri.

Nje, upande wa migomba, ndala za yule mke zilipita zikielekea kisimani.

"Umezisikia hizo?" alisema. "Wewe sikutaka uwe hizo."

Akakiweka kijiko juu ya wali. Akaushusha mkono wa kulia taratibu, akaulaza juu ya blanketi kiganja juu, ukalegea kama ulivyokuwa umelegea siku zote. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta kwa mkono wowote.

Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti. Karakanani randa ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda. Ilikuwa mchana kweupe. Ningeingia pale nimwambie, baba yako amekishika kijiko. Lingekuwa neno la kweli, na siku ingekuwa imefika kama tulivyoagana. Nilikaa mpaka randa ikanyamaza na fundi akaanza kugongomea misumari.

Kisha nikarudi ndani. Nikaondoa sahani ya wali, nikafungua chupa, nikamimina uji bakulini, nikavuta kigoda. Akafungua mdomo.

"Moto," akasema.

Nikapuliza.